Rain Man: je, Charlie alimtupa kaka yake?

Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Barry Levinson, iliigawa sebule yetu hapa Kirumba, Mwanza, pande mbili, na ubishi wenyewe haukuhusu uigizaji wa Dustin Hoffman, uliompatia tuzo ya Oscar, bali uamuzi wa dakika za mwisho. Charlie Babbitt, mfanyabiashara wa magari wa Los Angeles, anafiwa na baba yake na kuambulia gari aina ya Buick la mwaka 1949 pamoja na miche ya waridi, huku dola milioni 3 zikitengwa kwa ajili ya Raymond, kaka yake mwenye usonji ambaye hakujua hata kama yupo. Anamtorosha kutoka kituo cha kulelea watu wenye ulemavu cha Cincinnati kwa tamaa ya nusu ya mali. Safari inambadilisha, kiasi kwamba anakataa dola 250,000 anazopewa ili ajiondoe katika maisha ya Raymond. Hata hivyo, Raymond anarudishwa kituoni.

Wanaosema kaka ametupwa wana hoja nzito. Kim Peek wa Salt Lake City, mtu mwenye ulemavu wa ubongo aliyekuwa kielelezo cha Raymond na ambaye mwandishi Barry Morrow alikutana naye kabla ya kubuni hadithi hii, hakupelekwa kituoni ingawa madaktari walishauri hivyo, na baba yake, Fran, alimtunza hadi Kim alipofariki mwaka 2009.

Upande wa pili una tukio la bafuni. Charlie anapofungulia maji ya moto, Raymond anapiga mayowe, na hapo ndipo inapojulikana kwamba aliondolewa nyumbani kwa hofu kuwa angemuunguza mdogo wake. Baadaye, alipoulizwa kama anataka kubaki na Charlie au kurudi kituoni, alijibu ndiyo kwa yote mawili. Mtu wa namna hiyo anahitaji utaratibu usiobadilika, na mapenzi peke yake hayautoi.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunajisifu kwamba ndugu halelewi na wageni, lakini mvuvi wa dagaa hushinda kambini kipindi chote cha giza na kurejea nyumbani mbalamwezi inapotoka, kwa hiyo anayemwogesha na kumlisha kaka yake mwenye hali kama ya Raymond ni shemeji, ambaye mara nyingi hakuulizwa. (Sebuleni nako, waliopaza sauti zaidi walikuwa wanaume.)

Kwa maoni yangu, kumrudisha Raymond kulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba filamu inamwachilia Charlie kirahisi mno, kwa ahadi ya kumtembelea baada ya wiki mbili. Kutoka Los Angeles hadi Cincinnati ni zaidi ya kilomita 3,000, biashara yake imeshaanguka, na bado hakuna hata mhusika mmoja anayemuuliza kwa nini asihamie yeye karibu na kituo.