Lamu hadi Shela kwa miguu, kwa hesabu ya maji

Mgeni akiuliza kijiji cha Shela ni mbali gani kutoka mji wa Lamu, hujibiwa kilomita 3 na ushei, dakika 40 au 45 kwa mwendo wa kawaida. Jibu hilo si la uongo, ila limeacha jambo kubwa kuliko yote. Njia ya pwani hupitika au haipitiki kwa amri ya maji. Leo saa 4 asubuhi utapita kwenye mchanga mgumu, viatu vikavu. Baada ya wiki moja, saa ileile, bahari imefika ukutani. Kwa maoni yangu, anayemwelekeza mtu njia hii bila kumwambia maji yakoje hajamwelekeza.

Hesabu yenyewe si ngumu, na wenye kufuata mwezi mwandamo wanayo tayari. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hupamba moto siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikifika tarehe 8 au 9 ya mwezi mwandamo, na tena 22 au 23, mambo yamegeuka: ni maji mafu, na asubuhi ya saa 4 ndiyo ya kujaa. Afadhali ni kwamba maji mafu hayapandi sana, kwa hiyo anayekubali kulowa miguu huweza kupita siku ambazo bamvua lingemzuia kabisa.

Wengi hukosea kwa kudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja tangu yanapoanza hadi yanapojaa. Hayaendi hivyo. Katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho hubeba kidogo tu, na nusu nzima ya kimo huingia katika saa ya tatu na ya nne. Bamvua la mita 3 linaweza kupanda kama sentimita 75 kwa saa moja katikati hapo. Mtu aliyeona maji yako mbali akakaa kunywa chai kwanza, akija kuondoka anakuta njia imefungwa. Siku za bamvua, ondoka maji yakiwa bado yanatoka, ili ufike Shela kabla hayajaanza kurudi kwa kasi. Ukishakuta yamegusa ukuta mbele yako na yanapanda, geuka. Usijipe moyo kwamba ni hapo tu; kuna kuta nyingine mbele, na huzioni zikoje chini ya maji.

Kutoka gatini unashika kusini, bahari mkono wa kushoto, unapita mtaa wa Langoni hadi hospitali ya King Fahd. Kipande hiki hakina shida ya maji. Shida yake ni shughuli: kamba za mashua zilizofungwa nchi kavu na kuvuka njia kwa kimo cha kifundo cha mguu, mifuko ya saruji, mawe, mchanga uliomwagwa, na punda. Punda mwenye shogi (mifuko ya mizigo ya ubavuni) zilizojaa ni mpana maradufu ya punda mtupu, naye hakupimii nafasi. Mpishe ukiwa upande wa ukuta, si upande wa maji, maana shogi ikikugusa ubavuni ukiwa ukingoni pa bahari utaanguka juu ya mawe na chaza. Na usisimame nyuma yake.

Baada ya hospitali, ujenzi unapungua na mchanga unaanza kutawala. Tembea kwenye mchanga uliolowa, uliotoka kuachwa na maji, maana ni mgumu. Mchanga mkavu wa juu hukuchelewesha na kukuchosha. Penye mawe na ngazi za saruji, rangi ya kijani ni utelezi. Kanyaga palipo na mchanga au palipokwaruzwa. Viatu vizuri ni ndara zenye mkanda wa nyuma. Kandambili huvutwa na matope, na viatu vya kufunika vikishaingia maji vinakutoa malengelenge kabla ya Shela.

Jua la asubuhi linakupiga kushoto bila kizuizi, kwa sababu upande wa bahari hakuna kivuli. Alasiri kuta na miti ya upande wa nchi kavu hutupa kivuli njiani, ndiyo sababu kurudi jioni ni rahisi zaidi, mradi maji yakubali. Wakati wa kusi upepo unakupinga ukienda na kukusukuma ukirudi. Kaskazi kinyume chake. Chukua nusu lita ya maji kwenda tu. Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti, kwani pande zote mbili unaingia katika mitaa ya watu na misikiti yao, na msikiti wa Ijumaa wa Shela umesimama tangu 1829.

Ipo njia ya nyuma, ya bara (ndani ya kisiwa), ambayo maji hayaifikii. Ndiyo ya kutumia bahari ikijaa, lakini ni mchanga mzito, na mchana wa kaskazi mchanga huo unaunguza. Usiikatishe kupitia juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Mimea ile ya kutambaa ndiyo inayoushika mchanga, na mvua inayochujwa na vilima hivyo ndiyo inayolisha visima vya maji matamu ya Lamu.

Karibu mwaka 1812, jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela kuipiga Lamu, likashindwa. Masimulizi yanasema walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa mchangani, maji yametoka. Pwani hii haijabadili tabia tangu siku hizo. Kilichobadilika ni sisi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Kuta za nyumba zinazojengwa kwenye mpaka wa maji zinaua njia hii. Ukuta uliosimama wima hulirudisha wimbi kwa nguvu, nalo likirudi huzoa mchanga wa chini yake. Ufuo unashuka, ukishashuka, maji yanaufikia ukuta mapema na kuondoka kwa kuchelewa, na saa za kupita zinapungua kila mwaka. Anayeumia si mgeni, ambaye atapanda boti. Ni mfanyakazi anayekwenda Shela alfajiri na mwanafunzi asiye na nauli.

Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja la gharama kubwa. Ubao wa saa za kujaa na kupwa uandikwe kila wiki pale gatini Lamu na pale Shela mbele ya hoteli ya Peponi. Bodaboda zote zibaki njia ya bara, pwani iachiwe miguu na punda. Na kila ukuta mpya ujengwe nyuma ya alama ya maji makubwa ya bamvua, huku ukiacha upenyo unaotosha punda mwenye shogi mbili kupita, si mtu mmoja kwa ubavu. Kuta ambazo tayari zimefika majini zitobolewe ngazi za kupandia, kila baada ya hatua 100, ili aliyekutwa na maji katikati awe na mahali pa kutokea.