Wasifu Hauandikwi Siku ya Mazishi

Jumamosi iliyopita tulimzika mpiga gitaa wa mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja. Watu walijaa hadi nje ya hema, mabugo, yaani michango ya rambirambi, yalichangwa vizuri, na kina mama wa kwaya waliimba mpaka sauti zikawakauka. Kisha kijana aliyeshika maikrofoni akasoma wasifu wa marehemu. Karatasi moja, herufi kubwa, picha ya kitambulisho juu. Amezaliwa, amesoma, ameoa, ameanza muziki mwaka 1980, alikuwa mcha Mungu na mtu wa watu, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Dakika tatu, amina, tukainuka kwenda kaburini.

Ile 1980 imeninyima usingizi wiki nzima.

Mzee huyu alianza gitaa mwaka 1972. Nalijua hilo kwa sababu alinisimulia mwenyewe, tumekaa barazani kwake, yeye akimenya viazi vitamu. Ujanani alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya Mhindi mmoja pale Main Street, Jinja. Amin alipotoa amri yake mwezi wa Agosti na kuwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka, mwenye nyumba akaanza kugawa vitu visivyoingia kwenye sanduku. Mpishi alipata sufuria. Yeye alipata gitaa. Alilibeba kwa miguu mpaka Walukuba usiku, amelifunga ndani ya shuka, akiogopa askari wasimnyang'anye njiani. Nyuzi zilipoanza kukatika, mmoja baada ya mwingine, hakukuwa na duka la kununua nyingine. Ilikuwa miaka ya magendo, hata chumvi na sukari watu walitafutiana kwa siri. Basi akawa anafumua waya wa breki ya baiskeli, anachomoa uzi mmoja mwembamba, anausugua kwa majivu kuutoa kutu, anaufunga kwenye gitaa. Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ncha yake ilikuwa ngumu kama kwato, na katikati yake palikuwa na mfereji mdogo, pale waya ulipozoea kukaa.

Yote hayo yamefutwa na tarakimu nne. Atakayeiokota ile karatasi miaka 20 ijayo atadhani huyu alikuwa kijana wa baada ya vita vya kumtoa Amin, aliyejifunza gitaa kwa sababu alipata nafasi. Hatajua kwamba kuna wakati muziki wa mji huu ulikuwa unaning'inia kwenye waya wa breki.

Siwalaumu watoto wake. Waliandika usiku wa manane, macho yamevimba, huku mtu wa jeneza anapiga simu na mtu wa hema anadai chake. Lawama zangu ni kwetu sisi tuliokuwa wazima. Simu tulizonazo mfukoni zinarekodi sauti saa nzima bila hata kuhitaji intaneti, na kila siku tulimpita pale barazani, "Jambo, mzee," tukaenda zetu. Mimi nilimwahidi tangu mwaka juzi kwamba nitakuja tuanze mwanzo hadi mwisho. Akaniambia, "Njoo, mwanangu, lakini usikawie. Majina yameanza kunitoka." Nilienda mara moja, nikamkuta ana wageni. Sikurudi.

Nilikuwa najipa moyo kwamba kuna mahali sauti yake imehifadhiwa. Aliwahi kuhojiwa katika kituo kimoja cha redio, saa mbili nzima, gitaa likiwa mapajani. Jumatatu baada ya mazishi nikapanda boda kwenda kuulizia. Kijana wa pale alinipokea kwa adabu, akatafuta kwenye kompyuta, akaniambia vipindi vya zamani walivifuta ili kupata nafasi ya vipya. "Tungeviweka wapi, mzee?" Sina jibu la kumpa hata leo. Nilitoka nikasimama barabarani kwa muda, nikiwa na hasira ambayo haina pa kwenda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna watu wanasema kuandika maisha ya mtu si jambo letu, ni la Wazungu na la wakubwa wanaozindulia vitabu vyao hotelini. Si kweli hata kidogo. Mwaka 1902 Ham Mukasa alisafiri na Apolo Kaggwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, kwenda London kwenye sherehe za kumtawaza Mfalme Edward wa Saba, akaandika safari ile yote kwa Luganda, mambo makubwa na madogo. Na sisi wa Kiswahili tumeonyeshwa njia zaidi ya hapo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Hakungoja awe waziri ndipo aandike maisha yake. Aliandika ndoa yake, msiba wa mkewe, kazi yake na watoto wake, akaamini kwamba maisha ya mtu mmoja mnyoofu yanatosha kuwa kitabu.

Lakini alilolifanya kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad ndilo ninalotaka tulitazame. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Aliuza vyungu. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay akarekodi sahani za santuri, mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo, na sauti yake ikafika bara kote kulikokuwa na gramafoni. Wenye wivu walimtungia beti za kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini. Sasa, mtu wa namna hiyo, asiyejua kalamu, angekufa hivihivi tungebaki na nini? Sahani chache zenye mikwaruzo na sifa za jumla: alikuwa na sauti nzuri, Mungu amrehemu. Shaaban Robert alimfuata akiwa hai, katika siku zake za mwisho, akaketi naye, akamuuliza, akamsikiliza. Siti alifariki Julai 1950. Wasifu wake ukatoka baadaye, ukasomwa mashuleni, na hadi leo mtu akitaka kumjua mwanamke yule anaanzia pale.

Fikiria ingekuwaje kama angesema "nitakwenda mwezi ujao".

Hakuenda na kamera wala na fedha za mfadhili. Alikwenda na masikio na karatasi, na heshima ya kumwendea muuza vyungu kama mtu anavyomwendea mwalimu. Ndiyo maana nakasirika nikisikia wenzangu wanasema tunangoja mradi. Mradi gani? Mzee anakaa nyumba ya nne kutoka kwako!

Hapa Uganda tumeshaadhibiwa vya kutosha kwa kungoja. Byron Kawadwa aliongoza kundi la waigizaji wetu kwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mwaka 1977. Aliporudi, watu wa Amin walimchukua, akauawa. Kazi yake ilikuwa National Theatre, katikati ya Kampala, kila mtu anamwona akiingia na kutoka. Leo tunajua alivyokufa kuliko tunavyojua alivyoishi. Maisha yake ya jukwaani, alivyowafundisha waigizaji, alivyotunga nyimbo, yamebaki kwa watu wachache waliokuwa naye, na hao nao wamekuwa wazee.

Mshairi Okot p'Bitek naye alikufa 1982 ana miaka 51. Mtu aliyekwenda Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya mpira, akabaki huko kusoma, akarudi akaongoza hiyo hiyo National Theatre, akafukuzwa kazi baada ya kuisema serikali, akaishi Kenya miaka mingi. Maisha hayo yangetosha vitabu vitatu! Mashairi yake tunayo, na nashukuru. Lakini mashairi yanaimba maisha ya wahusika wake. Ya kwake hakuyaandika akayamaliza. Na mama yake, aliyekuwa mwimbaji mwenye jina kwao Acholi, aliyemlea ndani ya nyimbo hizo, nani alimfuata na karatasi?

Aliyetushinda wote ni mwanamuziki Philly Lutaaya. Alirudi kutoka Sweden mwaka 1989 akasema hadharani, mbele ya nchi nzima, kwamba ana UKIMWI. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa unatajwa kwa kunong'ona, jamaa walikuwa wanaandika "malaria" kwenye matangazo ya vifo. Wapo waliosema anatafuta soko la kaseti. Yeye akaendelea, akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anakonda mbele ya macho ya watu, akisimulia maisha yake mwenyewe bila kuyapaka rangi, akaruhusu hata kamera zimfuate. Alikufa Desemba 15 mwaka huohuo, ana miaka 38. Kila Krismasi nyimbo zake zinalia madukani kutoka soko la Owino, Kampala, mpaka Jinja, na watoto waliozaliwa baada yake wanaziimba. Lakini ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakutuachia sisi kazi ya kumsafisha. Alijisemea.

Na hapo ndipo wasifu wa mazishi unaponichoma. Ule si maisha ya mtu, ni cheti cha tabia njema. Unataja shule na kuruka kufukuzwa shule. Unataja ndoa na kuruka miaka mitatu ambayo mume alilala stendi ya mabasi. Wanamuziki wa kadongo kamu, muziki wa masimulizi wa Kiganda, wamesimama mbele yetu miaka yote na gitaa moja, wanaimba umaskini wao, usaliti wa wake zao, makosa yao wenyewe, tukalia na kucheka nao. Akifa tunamvika suti mpya na maneno ambayo hakuwahi kuyaimba. Mzee wetu aliacha kupiga gitaa karibu miaka miwili kwa jambo alilonigusia mara moja tu, kichwa kimeinama. Sitalisema hapa kwa sababu hakunipa ruhusa. Lakini lilikuwa ndilo lililombadilisha upigaji, alisema hivyo mwenyewe, na angeliweka mahali pake kama mtu angempa nafasi ya kulisema kwa namna yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba familia zina haki ya kuficha vya ndani. Nakubali pia wazee husahau na wengine huongeza chumvi. Vijana wenye chaneli za YouTube wanawahoji wasanii wa zamani, na wanastahili pongezi zao, ingawa mara nyingi wanauliza ugomvi na mademu tu, mzee anakatizwa kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Gharama za kuchapa ni kubwa, najua. Sauti iliyohifadhiwa haihitaji mchapaji leo. Inahitaji tarehe, jina la msemaji, na nakala mbili zilizo mahali tofauti.

Kuna jambo la lugha pia. Karatasi ile ya Jumamosi iliandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliishi kwa Kiswahili. Walukuba hii ilijengwa kwa watu wa viwanda na wa bwawa la umeme waliotoka kila upande, Mlugbara kwa Mjaluo kwa Msoga, na Kiswahili ndicho walichogombania na kuposea. Wanaoniambia Kiswahili Uganda ni lugha ya askari waje wakae hapa jioni moja. Mjane wake alikuwa ameishika karatasi ile magotini, imekunjwa mara nne. Watu walipopungua akaniita, akaninong'oneza, "Mwanangu, wamesema nini kuhusu gitaa?"

Nikamwambia wamesema alianza 1980.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Themanini? Mashati ya bendi yake mimi nilianza kuyashona kabla Amin hajaondoka."

Mimi sikujua kama alikuwa akishona. Miaka yote nilimwona mama huyu akituletea chai na kurudi jikoni, na sikuwahi kumuuliza chochote. Kumbe bendi nzima ilipita mikononi mwake. Pale pale, kati ya viti vya plastiki vilivyokuwa vikipangwa kurudishwa, akaanza kuhesabu kwa vidole: wa besi alikuwa na shingo nene, kola yake ilihitaji inchi moja zaidi. Wa ngoma bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, akawa anamwekea kitambaa ndani ili shati likae sawa jukwaani. Mwimbaji alikuwa mwembamba, mabaki ya kitambaa chake yalitosha kumshonea mtoto kaptula. Majina yale yaliyokuwa yakimtoka mumewe, yeye anayo, yamekaa pamoja na vipimo vya nguo.

Nimekubaliana naye Jumamosi hii. Ameniambia nije asubuhi kabla ya jua kali, kwa sababu mchana kifua humbana. Ameniambia pia nisije na watu. Atakuwa ameshatoa cherehani yake uvunguni, nikaione.