Hayakuwa Mavi: Maelezo Yangu Rasmi kwa Kwaya na kwa Ukoo

Kwa kuwa ule ujumbe wa sauti wa rafiki yangu, anaposema kwamba nilirukiwa na mavi ya mbwa, umekwisha kuzunguka kundi la kwaya, kundi la ukoo na, nimeambiwa, kundi la wauzaji wa soko la Kenya ya hapa Lubumbashi, ambako sidaiwi hata nyanya moja, ninaona ni haki yangu kuandika mambo yalivyotokea Jumamosi, tena kwa Kiswahili cha heshima, ili atakayecheka acheke kwa jambo la kweli. Neno la kwanza ninalolikanusha ni hili: hayakuwa mavi. Rafiki yangu amesema mavi, ukoo umerudia mavi, na mpiga kinanda wetu ameniandikia neno hilo peke yake, bila salamu. Kilichonipata kilitoka jirani na mahali hapo, ninakubali, lakini ni kitu kingine kabisa.

Kituo chenyewe mnakijua, kile cha mbwa waliookotwa, upande wa barabara ya Kipushi. Wengi wao waliachwa na watu waliohama: mtu anapata kazi Kolwezi, anapakia friji, viti na hata mabati ya banda, halafu mbwa anabaki langoni akilinda nyumba isiyo na mtu. Jumamosi ndiyo siku ya Docta, yule wa wanyama. Watoto wa mbwa waliotimiza miezi mitatu hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, madume huhasiwa, na kupe hutafutwa mmoja mmoja ndani ya masikio na katikati ya vidole, kwa sababu kupe ndiye anayeleta babesia, ule ugonjwa unaomfanya mbwa akojoe mkojo mweusi kama kahawa na kumwacha na fizi nyeupe. Mimi nilikuwa napita tu kuacha gunia la unga wa bukari, yaani ugali, na mfuko wa vichwa vya ndakala, wale dagaa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai ya zambarau, kwa maana saa nane tulipaswa kupeleka mahari ya binamu yangu kule Kamalondo, na ukoo ulikuwa umenichagua mimi kuwa msemaji. Naomba mlishike hilo la msemaji.

Mgonjwa aliitwa Ajida. Ni dume kubwa la rangi ya udongo, lenye tabia ya kukutazama kana kwamba linataka kuona vitambulisho vyako. Kwa muda alikuwa akijiburuza makalio kwenye saruji, kutoka mlango wa jiko hadi kwenye pipa la maji, na mlinzi, ambaye hana shaka katika jambo lolote, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ni minyoo na kumpa vidonge. Kwetu mbwa akijiburuza, jibu huwa ni minyoo, na si kosa sana, kwa kuwa tegu anayeingia kwa mbwa aliyemeza kiroboto huweza kweli kumwasha pale. Lakini Docta aliinua mkia, akapapasa kidogo, akasema vidonge vimepotea bure, vifuko ndivyo vimeziba.

Mbwa ana vifuko viwili vidogo, kimoja kila upande wa tundu la haja kubwa, ndani kidogo ya ngozi. Humo mna majimaji yenye harufu, ambayo kwa kawaida hutoka kidogo kidogo mbwa anapojisaidia, na ndiyo sababu mbwa wakikutana huanza kusalimiana kwa upande ule. Vikiziba, majimaji huganda yakawa uji mzito wa kijivu; vikiachwa, hutunga usaha na kupasuka. Kwa hiyo hukamuliwa. Kwa mkono. (Mnaosoma huku mkila, wekeni kijiko chini kwanza.)

Docta alihitaji watu wawili. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kukumbatia kichwa, ambacho kilikuwa kimefungwa bandeji puani na fundo nyuma ya masikio, kwa hiyo sehemu ile haikuwa na hatari tena. Docta akanitazama mimi, akatazama mikono yangu mirefu, akasema:

«Weye, baba, kamata mukia. Uinue juu, na usiachie.»

Sasa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo rafiki yangu alipopita mbio. Docta alivaa glavu, akapaka vazelini kwenye kidole cha shahada, akakiingiza, kidole gumba kikabaki nje, na katikati ya vidole hivyo viwili akakishika kifuko cha kushoto jinsi mtu anavyoshika harage kabla ya kulimenya. Alikuwa ameweka pamba mbele yake. Akabana. Likatoka tone la rangi ya hudhurungi, jepesi, likaishia kwenye pamba. Harufu ilitufikia baadaye kidogo: samaki, chuma, na kitu cha tatu ambacho sikipendi kukifikiri. Ajida hakutikisika. Nilijisikia mtu wa maana sana, nikaanza hata kupanga jinsi nitakavyolieleza jambo hili kwa wakwe.

Kifuko cha kulia kilikataa. Docta akabana, akasubiri, akasugua taratibu kutoka chini kwenda juu, akabana tena; hakuna. Akasema kuna kizibo. Akaitoa pamba iliyojaa ili achukue nyingine, na mkono wake mwingine haukuacha kubana. Mimi niliinama kuona kizibo. Nilikuwa na swali, nalo lilikuwa swali zuri: «Docta, na kama hakitoki?» Nilifika kwenye «ha». Wanakwaya wenzangu, ninyi mnajua jinsi mwalimu wetu alivyotuhangaisha miaka yote tufungue kinywa vizuri kwenye sauti ya «a», taya lishuke, ulimi ulale chini. Sijawahi kuifungua vizuri kuliko siku ile.

Kizibo kilitoka. Nilikiona kikija. Cha kwanza kilipita kwenye tai na kuacha mstari ulionyooka. Kilichofuata kilipiga kidevu. Na kilichobaki, ambacho Docta baadaye alikisia kuwa ni kama nusu ya kijiko cha chai, kiliingia mahali ambapo silabi ilikuwa ikitoka. Hakuna aliyesema neno. Sikuachia mkia, ninaomba hilo liandikwe popote habari hii itakapohifadhiwa. Ajida alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya viatu vyangu, akaonekana mbwa mwenye amani.

«Aah,» alisema Docta, «sasa imetoka yote.»

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, pampu haikufanya kazi, na maji ya pipa yalikuwa yamebaki kidogo. Nilioga kwa sabuni ya mbwa ya kuua kupe, nikasukutua, nikanunua manukato njiani, nikayamwaga yote, na yule wa pikipiki akaniomba nikae mbali kidogo na mgongo wake.

Yaliyotokea Kamalondo nitayasema kwa ufupi. Niliketi katikati ya wazee. Nikasimama, nikafungua kinywa kutoa salamu za ukoo, na mama mkwe mtarajiwa akageukia jikoni na kuuliza kwa sauti, «Njo nini inanuka vile? Hii samaki ilishaoza!» Sufuria mbili za samaki zilitolewa nje mbele ya wageni, muuza samaki akalaaniwa pamoja na kizazi chake, tukala bukari na lengalenga (mchicha), mahari ikapokelewa. Mimi sikusema neno ambalo halikuwa kwenye karatasi.

Mama mkubwa, kwa kuwa aliipata habari kwenye ile sauti, anasisitiza niende kuchomwa sindano za kichaa. Nimemweleza kwamba kichaa husafiri kwa mate, hasa mbwa anapouma, kwamba Ajida hakuniuma wala kunilamba, na kwamba amechanjwa. Amejibu kwamba mimi nilikuwa na mdomo wazi na kwa hiyo si mtu wa kufundisha wengine. Docta anasema Ajida hajajiburuza tena.

Kesho mama mkwe anakwenda sokoni kudai arudishiwe pesa zake za samaki, na amemwambia binamu yangu kwamba angependa asindikizwe na yule kijana msemaji, aliyesikia harufu kwa karibu, awe shahidi wake.