Namba mbili iliyouza kuliko namba moja zote

Ikitajwa "Love the Way You Lie", wimbo wa rapa Eminem akimshirikisha Rihanna, kwenye mabishano ya hip-hop, hukumu huwa imeshatoka: Rihanna ndiye aliyeubeba wimbo, Eminem alitafuta korasi ya kumfikisha redioni. Wiki saba kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, kuanzia mwisho wa Julai 2010, wenye hukumu hiyo wanazihesabu kuwa za Rihanna.

Wana pa kushikia. Hot 100 ilichanganya mauzo na kupigwa redioni, na redio haitaki matusi. Kwenye mistari ya Eminem inabidi neno likatwe hapa, pengo liachwe pale. Korasi inapita nzima. Tena ndiyo inayofungua wimbo, kwa hiyo anayehamahama stesheni anakutana na Rihanna kwanza. Prodyuza Alex da Kid alitumia mpango huohuo mwaka uleule kwenye "Airplanes" ya B.o.B na Hayley Williams: mwanamke anaimba, ndipo rapa anaingia.

Ila korasi hii haikubandikwa juu ya mistari. Skylar Grey, mtunzi ambaye wakati ule wachache walimjua, aliiandika juu ya biti ya Alex da Kid kabla ya mastaa hao wawili kuingia. Eminem akaandika vesi zake kuifuata. Sikiliza vesi ya tatu. Jamaa aliyeanza kwa kujitetea sasa anapaza sauti, na anamalizia kwa kutishia kumfunga mwanamke kitandani na kuichoma nyumba. Mara Rihanna anarudi na maneno yaleyale ya mwanzo, ya moto na maumivu. Mara ya kwanza yalikuwa malalamiko ya wapendanao. Mara ya nne yanatoka ndani ya nyumba inayoungua, na hakuna hata neno moja lililobadilishwa. Kiitikio cha kuombea redio hakifanyi kazi hiyo.

Halafu kuna Uingereza, ambako hoja ya kwamba jina la Rihanna ndilo lililouza wimbo inakwama. Kule wimbo uliishia namba mbili, haukushika kilele hata wiki moja, lakini ukamaliza 2010 ukiwa singo iliyouzwa kuliko zote. Chati yao ilihesabu mauzo ya siku saba; strimu, yaani kusikiliza mtandaoni, hazikuingia hadi 2014. Tuseme singo moja inauza nakala 100,000 wiki ya kwanza, kisha 30,000, kisha 10,000: imeshika namba moja, imekwisha. Nyingine inauza 40,000 kila wiki kwa wiki nane. Haijawahi kuwa ya kwanza, kwa sababu kila wiki inatokea singo mpya ya kuipita, ila ina 320,000 dhidi ya 140,000. Jina kubwa huuza wiki ya kwanza, mashabiki wanapokimbilia. Anayenunua wiki ya nane ameshausikia wimbo mpaka basi, na bado anatoa pesa. Korasi tamu peke yake ingekuwa imeshamchosha.

Lawama moja siipuuzi. Sauti ya mwanamke inakiri kuyapenda maumivu, na Rihanna alikuwa ameshambuliwa na mwimbaji Chris Brown, mpenzi wake wa wakati ule, mwaka mmoja tu kabla. Aliyesikia korasi bila vesi, pale redio inapoumega wimbo, alibaki na kukiri huko tu, bila ule moto wa mwishoni. Hapo wakosoaji wako sahihi, ingawa kosa lipo zaidi kwenye kumega.

Novemba 2010 Rihanna aliweka "Part II" kwenye albamu yake ya Loud: piano, vesi zake mwenyewe, Eminem akiwa mgeni. Haikutolewa kama singo, kwa hiyo chati haziwezi kutuamulia. Lakini isikilize mara baada ya ile ya kwanza. Sauti ni ileile, pengine hata nzuri zaidi, ila mwanamke anaeleza mkasa wake tangu mwanzo, na korasi inapofika haina tena cha kufichua.