Vipanga, vilaza na umri wa nahodha

Juzi kwenye kikao cha wazazi tumetangaziwa kwamba darasa la tano litagawanywa mikondo miwili kwa alama za Hisabati. Mwalimu hakutamka "vilaza", ana adabu zake. Alisema "wanaohitaji msaada zaidi". Watoto walishajitafsiria kabla hatujafika getini.

Binti yangu kipanga. Nilitabasamu, sikatai. Mtoto wa jirani, yule anayeuza ubuyu jioni, kapelekwa kule kwingine.

Jioni nikawapa wote wawili swali ambalo watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto mwishoni mwa miaka ya 1970: chombo kimepakia kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kule watoto 76 kati ya 97 walipiga hesabu na jibu wakatoa. Kipanga wangu hakuinua hata kichwa. "Thelathini na sita, baba." Akapiga mistari miwili chini ya jibu.

Muuza ubuyu akanikazia macho. "Nahodha yupi? Kwani mbuzi ni wake?"

Tumewafundisha kuwinda maneno! Ukiona "jumla", jumlisha, "baki", toa, "kila mmoja", gawanya. Hesabu ya mafumbo ikija, fumbo halisomwi, zinaokotwa namba tu, na mwepesi wa kuokota ndiye kipanga. Anabebwa hivyo hivyo hadi swali lisilo na neno la kuwindwa limkute kidato cha nne. Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati ya kidato cha nne hapa Tanzania walikuwa robo hivi ya watahiniwa. Eti watoto wa siku hizi wavivu.

Haya, jedwali la kuzidisha likaririwe, sibishi. Na mwalimu mwenye watoto themanini atamsikiliza nani? Sawa.

Ila nililiona daftari la yule kijana. 5000 − 1400, kaandika 4400: sifuri kutoa nne haiwezekani, basi kageuza, nne kutoa sifuri. Mkasi mwekundu, basi. Hakuna aliyemuuliza kafikaje hapo.

Nikanunua pakiti saba za mia mbili, nikampa noti ya elfu tano. Akaanza kunipangia chenji kiganjani: "Mia, elfu na mia tano. Mia tano, elfu mbili. Na hizi tatu, tano yako."

Nikamwonyesha daftari lake. "Mbona hukunirudishia 4,400?"

Akacheka mpaka ubuyu ukamwagika. "Mama si angeniua!"