John Mbiti, kasisi aliyeazima "sasa" na "zamani"

Tangu 1969 wanafunzi wa dini na falsafa katika nchi nyingi wamekutana na maneno mawili ya Kiswahili katikati ya kitabu cha Kiingereza: Sasa na Zamani. Aliyeyapeleka huko ni John Mbiti, Mkamba wa Mulango, Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa 1931 na kufariki Oktoba 2019. Katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na falsafa alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni yale yaliyotokea na yanayotokea. Jambo ambalo halijatukia bado halijawa wakati. Sasa, kwake, ni kipindi cha karibu ambacho watu wanakiishi au wanakikumbuka; Zamani ni wakati wa mbali uliozipita kumbukumbu hizo. Alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu akaona njeo za wakati ujao zinaishia miezi sita, zikizidi sana miaka miwili.

Nilipomsoma mara ya kwanza nilikasirika. Mtu mwenye kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo ataambiwaje kwamba hana wakati ujao? Na anayepanda mnazi akijua atakaa miaka kadhaa kabla ya kuangua dafu la kwanza, huyo anafikiria nini? Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan, lugha yenye namna zake za kuutaja wakati ujao wa mbali. Hoja hiyo sijaona aliyeipangua. Mbiti alikuwa na ushahidi wa lugha mbili za jirani, akaandika "Waafrika".

Lakini tumtendee haki. Mtondogoo ni siku ya nne tu kutoka leo. Ukishapita mwakani huna tena neno moja la mkononi, unaanza kuhesabu: miaka mitatu ijayo, miaka kumi ijayo. Kiyama na ahera tumeyapata kwa Kiarabu, pamoja na dini. Hata kwa mnazi Mbiti alikuwa na jibu lake: yale ambayo lazima yaje kwa mzunguko wa maumbile, kama mvua na mavuno, aliyaweka fungu la peke yake, wakati unaotarajiwa. Huwezi kumfukuza kwa kumtajia mnazi.

Nadhani tunamsoma vibaya kwa sababu tunamsoma kama mwanafalsafa. Swali lake lilizaliwa kanisani. Tasnifu yake ya udaktari pale Cambridge, aliyoimaliza 1963, ilihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho na jinsi yalivyopokelewa na Wakamba. Wamisionari walihubiri kurudi kwa Kristo, mbingu na moto, na yeye akataka kujua msikilizaji wa Ukambani aliyaweka wapi maneno hayo akilini mwake. Hili ni swali la mtu atakayepanda mimbarani Jumapili. Alipewa upadirisho Uingereza, akahudumu kwa muda mfupi St Albans, kisha akafundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974.

Ukasisi huohuo ndio uliomletea lawama iliyo nzito zaidi. Mbiti alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka jamii zaidi ya 270, na karibu kila mahali akamkuta Mungu mmoja, muumba, ajuaye yote. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, hakukubali. Alisema wasomi wa namna hiyo wanaivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki, yaani sifa zilizotoka katika falsafa ya Ugiriki. Alisimulia jinsi mapadre wa Kiitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba namna hiyo, swali ikabidi liwe: nani aliwafinyanga? Wazee wakamtaja Rubanga, ambaye kwao alikuwa pepo anayepinda migongo ya watu wakawa vibyongo. Jina hilo likawa la Mungu kanisani.

Kisa hicho kinanisumbua hadi leo, na naona Okot alikuwa na haki. Jamii zaidi ya 270 zikitoa jibu linalofanana mno na katekisimu, mwulizaji naye achunguzwe. Ila nakumbuka pia hali ambayo Mbiti aliikuta: dini za mababu zetu ziliitwa ushenzi hadharani, shuleni na kanisani. Kasisi kusema kwamba bibi yangu alimjua Mungu kabla ya meli ya mmisionari kutia nanga, hilo halikuwa jambo dogo.

Na kuna mahali alipogusa mfupa. Alisema marehemu hukaa ndani ya Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, vizazi vinne au vitano, kisha huzama katika Zamani. Msikilize mzee anayetambika. Anamtaja baba, anamtaja babu, anamtaja babu wa babu, sauti inapungua, halafu anasema: nanyi wengine tusiowajua majina. Mpaka aliouchora Mbiti unapita hapo hapo.

Kuanzia 1981 hadi 1996 alikuwa mchungaji wa usharika huko Burgdorf, Uswisi, akifundisha pia Chuo Kikuu cha Bern. Wapo wanaoona kwamba aliyeutetea umoja wa jamii kwa nguvu vile hakupaswa kuzeekea mbali. Mimi simhukumu kwa hilo, kwa kuwa uzeeni alirudi Kitui kwa kalamu: alilitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Kama ningalijua Kikamba, ningalianza kusoma ile mistari ya kurudi kwa Kristo, nione alichagua njeo ipi.