Shemeji na Chambo cha Bure

Minyoo wanaoishi kwenye mchanga wa tangi la maji ya chumvi hutoka usiku. Nilizima taa, nikasubiri kama saa nzima, kisha nikamulika kwa tochi niliyoifunika nailoni nyekundu. Mwanga mweupe huwarudisha shimoni papo hapo, mwekundu hawaujali sana. Kibano kirefu tayari, kioo cha kukuzia tayari, bakuli la maji ya tangi lenyewe tayari, maana maji ya bomba humuua mnyoo kabla hujamtambua. Tatizo lilikuwa shemeji.

Shemeji ni mvuvi wa siku za mapumziko. Alipoona mnyoo wa waridi, sentimita 10 hivi, anajivuta juu ya jiwe, macho yakamtoka.

"Shemeji! Kumbe unafuga chambo?"

"Usimgu..."

Mkono ulikwishazama hadi kwenye kiwiko.

Mnyoo yule ana mafungu ya vinyweleo vyeupe pande zote mbili za kila pingili. Akitulia vimelala. Akibughudhiwa huvichanua, navyo ni vyembamba, vikavu, vinakatikia ndani ya ngozi. Shemeji aliruka, bakuli likaruka naye, akamwita mama yake, alipoona haitoshi akamwita mama mkwe, ambaye ni mama yangu na alikuwa amelala.

"Usisugue!" Kusugua huvivunja na kuvizamisha zaidi. Unakausha ngozi, unabandika selotepu, unabonyeza kidogo, unaibandua. Kisha kipande kipya, tena na tena. Baada ya hapo siki nyeupe, ambayo wafugaji wengi huitumia kutuliza mwasho. Angevimba uso au kukosa pumzi, tungekimbilia hospitali, lakini pumzi alikuwa nayo tele, yote ya kulalamika.

Vidole vikiwa kwenye siki, hakuwa na pa kukimbilia, nikamsomesha. Nyuzi nyeupe zinazotambaa mchangani na kujikunja kurudi kwenye tundu ni za mnyoo-tambi, anaokota mabaki, mwache. Vijipembe viwili vinavyopunga kutoka kwenye kijibomba cha mchanga ni vya spionidi, mnyoo mwingine mdogo, naye mwache. Hata yule wa waridi ni mfagizi. Wa kuogopwa na wenye matumbawe ni Hermodice carunculata, mwenye vishungi vyekundu vya kupumulia kando ya vinyweleo na kinundu cha nyama kichwani. Huyo hula matumbawe. Ukiona kichwa chenye papasi tano na mwili unaometa rangi za upinde wa mvua, huenda ni jamii ya minyoo iitwayo Eunice. Mwaka 2009, huko Newquay, Uingereza, mmoja alikutwa ndani ya tangi la maonyesho akiwa na urefu unaozidi mita moja.

"Mbona humu wamejaa hivi?" akauliza.

Wakiongezeka ghafla, chakula kimezidi. Samaki wapewe wanachomaliza kwa dakika mbili tatu tu. Nikamtazama. Akatazama dari. Kopo la chakula cha samaki, ambalo tangu aje lilikuwa likipungua kimiujiza, lilikuwa mfukoni mwake.

Baadaye akanyoosha kidole chenye selotepu kuelekea kwenye kioo. "Na hivi vikonokono vyeupe vilivyojiviringisha?"

"Spirorbisi. Nao ni minyoo. Milimita chache tu, wamejigandisha, hawang'ati."

Mikono yote miwili ikarudi mfukoni.